Rufaa ya Coletha na Ng'ombe wa Mzee Agapiti

Asubuhi hiyo Coletha alikuwa anasonga ugali. Kibanda chake kiko Segese, karibu na makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Kelele za pale ni za kutwa nzima. Ukitaka chumvi, unapiga kelele. Ukitaka kuomba radhi, unapiga kelele pia.

"Mama Enock, ongeza dagaa!" mchimbaji mmoja alisema.

"Ongeza kwanza asante ya jana!"

Wenzake wakacheka. Vumbi la mawe lilikuwa limewajaa hadi kwenye kope. Chini ya meza, Hosiana alikuwa anambembeleza mtoto wake wa gunzi la mahindi. Hosiana ana miaka minne. Kaka yake Enock ana miaka kumi na moja, na saa hizo alikuwa shuleni.

Kesho yake ilikuwa siku ya hukumu. Lakini Coletha alilala vizuri, maana hakuona cha kuogopa.

Nikueleze kwa nini. Coletha aliolewa na Maganga kwa ndoa ya kimila. Maganga alipeleka ng'ombe wa mahari Ushirombo, kwa Mzee Agapiti, baba yake Coletha. Baadaye Maganga akaanza kuchimba duara, yaani shimo la dhahabu. Kwa muda mrefu duara halikutoa kitu. Wachimbaji walichimba, wakachoka, wakakata tamaa. Aliyewalisha wote ni Coletha. Mwisho dhahabu ikatoka. Maganga akanunua karasha, akajenga nyumba nzuri ya bati.

Halafu akaleta mwanamke mwingine na kumfungia Coletha mlango. Ndivyo alivyofanya, bila aibu.

Baraza la usuluhishi la kata liliwaita wote wawili. Likashindwa kuwapatanisha, likampa Coletha hati ya kwenda mahakamani. Akafungua shauri la talaka katika Mahakama ya Mwanzo. Boaz, msimamizi wa duara, alikuja kutoa ushahidi.

"Sisi tulikula kwa mama huyu mpaka mawe yakatoka," Boaz aliiambia mahakama. "Kwa desturi yetu wachimbaji, anayelisha duara ana mifuko yake ya mawe. Huyu mama hakuchukua hata mmoja. Alisema duara ni la nyumbani kwake, achukue kwa nani?"

Hakimu aliandika maneno yote. Ndiyo maana Coletha alilala vizuri.

Kesho yake hakimu alisoma hukumu. Ndoa imevunjika. Hapo hakuna aliyebisha. Kisha akaendelea. Nyumba na karasha ni mali ya mume, kwa sababu mke kupika ni wajibu wake wa kila siku. Na watoto wote wawili watakwenda kwa baba yao, kwa sababu alitoa mahari yote.

Coletha alidhani hajasikia vizuri. Labda na wewe unadhani hujasoma vizuri. Rudi usome tena. Ndivyo ilivyosomwa.

"Mheshimiwa, hata Hosiana?" Coletha aliuliza.

"Wote wawili."

"Ana miaka minne!"

"Hukumu imesomwa, mama. Asiyeridhika, haki ya kukata rufaa ipo."

Hakimu akafunga jalada. Shauri lingine likaitwa.

Coletha alitoka nje. Lile neno rufaa lilimpita tu. Alilizoea kwenye habari za wafungwa. Yeye hakuiba, hakuua, rufaa ya nini? Wala hakumwuliza mtu.

Jioni ileile Maganga alikuja na pikipiki. Enock alipanda. Hosiana alilia, akamshika mama yake kwa mikono yote miwili. Gunzi lake lilianguka kwenye vumbi, likabaki pale. Coletha aliliokota. Alilitazama kama mtu asiyejua ni kitu gani.

Mzee Agapiti alipata habari, akaja haraka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wajukuu wangu wako wapi?"

Coletha alimweleza. Mzee alisimama. Akakaa. Akasimama tena.

"Kwa hiyo hapa shida ni ng'ombe?"

"Hakimu amesema mahari ilitolewa yote, ndiyo maana watoto ni wa baba yao."

"Ahaa!" Mzee alipiga goti lake kwa kiganja. "Mbona mambo ni mepesi! Ng'ombe wake nitamrudishia wote. Tutaona kama ataendelea kukaa na watoto wangu."

Usimcheke Mzee Agapiti. Wazee wengi huku wamekua wakijua hivyo. Mahari ikitolewa, watoto ni wa ukoo wa baba. Isipotolewa, watoto ni wa upande wa mama. Mzee akawaza kwamba ng'ombe wakirudi, itakuwa kama hawakutoka. Ukimsikiliza, unaona ana akili. Tatizo ni moja tu: mawazo yake hayakuwa sheria.

Basi akaanza shughuli. Ng'ombe wengine wa mahari walishauzwa, ikabidi anunue wengine. Alitafuta kibali cha kusafirisha mifugo. Alisubiri lori. Alitaka pia ng'ombe wa kurudisha wawe wazuri kuliko wale aliopokea, ili asichekwe. Akamtoa hata mtamba wake mwekundu, ambaye alimpenda kuliko ng'ombe wote zizini. Siku zikaenda, na hakuna aliyejua kwamba siku hizo zinahesabiwa.

Lori lilipofika nyumbani kwa Maganga, Coletha alikuwa ndani yake pamoja na baba yake. Maganga na mama yake mzazi walitoka kuwapokea.

"Mwangaluka," mzee alisalimia.

"Mwangaluka," walijibu.

Walifungua zizi. Ng'ombe wakashuka mmoja mmoja. Mama yake Maganga alimzunguka yule mtamba mwekundu, akatikisa kichwa kwa kumpenda. Zizi likafungwa.

"Tumepokea, mzee," Maganga alisema. "Asante sana."

"Haya, nileteeni watoto."

"Watoto gani?"

Mzee Agapiti alimtazama. Alidhani ni utani.

"Enock na Hosiana. Ng'ombe si hao nimerudisha?"

"Ng'ombe ni haki yangu, ndoa imekufa," Maganga alisema. "Watoto nimepewa na mahakama. Ungekuja na hukumu nyingine, tungeongea. Umekuja na ng'ombe."

Mzee aligeuka, akalitazama zizi lililofungwa. Ng'ombe wamekwenda, watoto hawajaja!

Wakati huo Hosiana alichungulia kutoka jikoni. Akaona lori, akamwona mama yake, akaanza kukimbia. Bibi yake akamdaka kabla hajafika.

"Babu!" mtoto alilia. "Ng'ombe hawakutosha?"

Coletha aliziba uso wake kwa kanga. Mtoto wa miaka minne alikuwa ameshaambiwa na watu wa pale kwamba anakuja kukombolewa kwa ng'ombe. Sasa alijua kwamba bei yake haikufika. Lori likawarudisha Segese.

Siku iliyofuata Asteria alirudi kutoka Geita, alikokwenda kumwuguza binti yake aliyejifungua. Asteria anauza vitenge karibu na kibanda cha Coletha. Pia ni msaidizi wa kisheria, amepata mafunzo na anatambulika. Watu humfuata kwa mambo ya ardhi, mirathi na ndoa, naye hawatozi kitu. Ana ulimi mkali lakini moyo wake ni mzuri.

Alimkuta Coletha na mzee wamekaa, moto haujawashwa.

"Jamani, kuna msiba?"

Walimweleza yote. Walipofika kwenye habari ya lori, Asteria alishika kichwa.

"Mmerudisha ng'ombe?"

"Wote," mzee alisema. "Hata mtamba."

"Na rufaa mmekata?"

"Rufaa ya nini, dada Asteria?" Coletha aliuliza. "Mimi sijafungwa."

Asteria akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia.

"Mama Enock, nisikilize vizuri. Rufaa si ya wafungwa peke yao. Mtu yeyote asiyeridhika na hukumu anaweza kuomba mahakama ya juu iiangalie. Talaka, matunzo, mali, watoto, yote yana rufaa. Zahanati ikishindwa na ugonjwa, si unakwenda hospitali ya wilaya? Hukumu ya Mahakama ya Mwanzo, unaikatia rufaa Mahakama ya Wilaya. Usiporidhika hapo, kuna Mahakama Kuu. Hukumu ilisomwa lini?"

Coletha alimtajia siku. Asteria alihesabu kwa vidole. Akahesabu tena. Uso wake ukabadilika.

"Katika mashauri ya ndoa, sheria inakupa siku arobaini na tano tangu hukumu isomwe. Zako zinaelekea kuisha! Mlikuwa mnafanya nini siku zote hizi?"

"Tulikuwa tunatafuta ng'ombe," mzee alisema kwa sauti ndogo.

Coletha alimshika Asteria mkono. "Zikiisha ndiyo basi?"

"Zikiisha, utaomba kwanza uongezewe muda, na uwe na sababu ya maana. Unaweza kupewa, unaweza kunyimwa. Kwa nini tufike huko? Inuka."

"Ngoja kwanza," mzee alisema. "Mimi nilitaka kesho niende kwa mkuu wa wilaya."

"Mkuu wa wilaya hawezi kubadilisha hukumu, baba. Wala diwani. Wala padri. Hukumu ya mahakama inabadilishwa na mahakama."

"Na yule hakimu hatatuchukia?"

"Akuchukie kwa nini? Si yeye mwenyewe aliyesema haki ipo? Hakimu ni binadamu, anaweza kukosea. Kukata rufaa si kumtukana."

Coletha alikuwa ameshafunga kanga kiunoni. "Nimwite Boaz aje kutoa ushahidi tena?"

"Hapana. Rufaa si kuanza kesi upya. Mahakama ya Wilaya itasoma yaliyoandikwa kwenye jalada. Kazi yetu ni kuonyesha hukumu ilikosea wapi. Maneno ya Boaz tayari yamo. Asante Mungu aliyasema siku ileile."

Wakaondoka wote watatu kwenda Mahakama ya Mwanzo. Njiani Asteria aliendelea kueleza, na mzee akazidi kushtuka.

"Sheria ya Ndoa inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni vizuri akae na mama yake, labda kuwe na sababu nzito ya kukataza. Hosiana ana minne. Na kwa mtoto yeyote, hata Enock, kinachotangulia ni ustawi wake. Alale wapi, asome, atibiwe, apendwe."

"Na ng'ombe?" mzee aliuliza.

"Mahakama inaweza kusikiliza mila za watu. Lakini mila haitangulii mbele ya ustawi wa mtoto."

"Na nyumba? Hakimu alisema kupika ni wajibu wangu," Coletha alisema.

"Kazi ya nyumbani nayo ni mchango katika mali ya ndoa. Wewe ulilisha duara zima! Hilo lazima tuliandike."

Mahakamani karani aliwapokea vizuri. Coletha aliomba nakala ya hukumu. Asteria alimsaidia kuandika sababu za rufaa kwa lugha nyepesi. Aliandika kwamba umri wa Hosiana haukuzingatiwa. Enock hakuulizwa anataka nini. Mahari imefanywa kuwa sababu ya kuwagawa watoto. Ushahidi wa Boaz umeachwa. Coletha hakuwa na uwezo wa kulipa ada, akaomba asamehewe, akaeleza hali yake. Akasamehewa.

"Sasa tunazipeleka Mahakama ya Wilaya?" mzee aliuliza.

"Tunaziacha hapahapa, baba."

"Kwa hakimu yuleyule?"

"Rufaa ya ndoa inawasilishwa kwenye mahakama iliyotoa hukumu. Wao watapeleka jalada juu. Na tutaomba jambo lingine. Kukata rufaa peke yake hakuzuii hukumu kutekelezwa. Maganga anaweza kuuza karasha kesho. Tutaiomba Mahakama ya Wilaya iweke zuio."

Ombi hilo lilisikilizwa mapema, zuio likatolewa. Karasha likabaki mahali pake. Maganga aliposikia, alicheka mbele ya watu. Ila siku ya rufaa alikuja mapema kuliko wote, amevaa koti.

Hakimu wa Mahakama ya Wilaya alikuwa mama mtu mzima, mpole wa sauti. Alikuwa amesoma jalada lote. Akamsikiliza Coletha, kisha akamsikiliza Maganga.

"Mimi mahari nilitoa yote," Maganga alisema.

"Hilo nimelisoma," hakimu alisema. "Sasa niambie habari za watoto. Wanaendeleaje?"

"Wazima, mheshimiwa. Enock anasoma."

Hakimu aliagiza afisa ustawi wa jamii awatembelee watoto na kuzungumza nao, kisha alete taarifa. Shauri likaahirishwa.

Siku ya kusoma taarifa, afisa alisimama. Anaitwa Edson, kijana asiye na maneno mengi.

"Hosiana nilimkuta nyumbani kwa bibi yake. Analishwa, lakini analia kila akiona lori. Enock sikumkuta shuleni. Mwalimu alisema hajamwona tangu ahamie kwa baba yake. Nilimkuta mwaloni, pale wanapooshea mawe yaliyosagwa. Mikono yake ilikuwa ndani ya beseni lenye zebaki. Hakuwa na glovu."

"Mama yangu weee!" Coletha alipiga kelele. Mzee Agapiti alishika benchi kwa mikono miwili.

Zebaki ni ile dawa nzito ya kunasia dhahabu. Ni sumu. Inaingia mwilini kwa ngozi na kwa hewa, inaharibu ubongo na figo, na huwadhuru watoto zaidi. Kila mchimbaji huku ameambiwa.

Na Maganga? Maganga alikuwa amebadilika rangi.

"Mimi sikujua," alisema. "Mheshimiwa, naapa sikujua. Mimi nashinda kwenye duara. Kila asubuhi anatoka na begi, nilijua anakwenda shule. Mama yake wa kambo ndiye..." Nadhani siku ile ndiyo mara ya kwanza Maganga kushtuka tangu kesi ianze.

"Ulizungumza na Enock?" hakimu alimwuliza Edson.

"Ndiyo, mheshimiwa. Nilimwuliza anataka kukaa wapi. Alisema, 'Nataka alipo Hosiana.' Nikamwuliza, Hosiana akae wapi? Akasema, 'Kwa mama. Huku anauliza kila siku kama ng'ombe wametosha.'"

Maganga alitazama viatu vyake.

Hukumu ya rufaa ilisomwa baadaye. Talaka ilibaki kama ilivyokuwa. Mengine yalibadilishwa. Watoto wote wawili watakaa na Coletha. Maganga atawaona mwisho wa wiki na kuwa nao sehemu ya likizo, kwa sababu ni baba yao na wanamhitaji. Atatoa matunzo kila mwezi kwa chakula, mavazi, shule na matibabu. Enock apelekwe hospitali kupimwa. Coletha atapata sehemu yake katika nyumba na karasha, kwa sababu aliyelisha duara alichangia karasha.

"Asiyeridhika ana haki ya kukata rufaa Mahakama Kuu," hakimu alimaliza.

Safari hii Coletha alilisikia neno hilo, kila herufi. Alimtazama Maganga. Maganga naye alikuwa na haki hiyo, na hakuna wa kumnyima. Lakini alitikisa kichwa, akatoka. Mlangoni alisimama.

"Mama Enock," alisema bila kumtazama. "Hospitali nitampeleka mimi. Naomba."

"Twende wote," Coletha alijibu.

Mzee Agapiti alikuwa bado amekaa kwenye benchi. Alimvuta Asteria mkono.

"Nimesikiliza mwanzo mpaka mwisho. Mbona ng'ombe hakimu hajawataja?"

"Hawakutajwa, baba. Watoto hawatolewi wala hawachukuliwi kwa ng'ombe."

"Hata mtamba mwekundu?"

"Hata huyo."

Mzee alikuwa na uchungu wa mtamba, na furaha, na mshangao, vyote pamoja.

Siku watoto waliporudi Segese, wachimbaji waliacha kula. Boaz alimbeba Enock juu, ingawa Enock alisema yeye ni mkubwa. Madaktari walisema alitolewa mwaloni mapema, ila ataendelea kupimwa. Jumatatu alivaa sare akaenda shule. Maganga alimsindikiza hadi getini, akamwona akiingia darasani, ndipo akaondoka.

Hosiana alimkuta babu yake kwenye kibanda. Coletha akampa lile gunzi. Alikuwa amelihifadhi juu ya kabati la vyombo siku zote. Mtoto akalipokea, kisha akamgeukia mzee.

"Babu, sasa ng'ombe wametosha?"

Mzee Agapiti alimpakata.

"Hukuja kwa ng'ombe, mjukuu wangu. Hata mmoja."

"Nimekuja bure?"

"Umekuja kwa sababu hapa ni kwenu."

Hosiana alifikiri. Halafu akashuka, akaenda kumweleza gunzi lake habari hiyo chini ya meza.

Mzee amerudi Ushirombo. Juzi alipita kwa jirani yake, Mzee Ezekiel, akakuta lori limesimama, ng'ombe wanapandishwa. Ezekiel alikuwa anafuta jasho na machozi kwa pamoja. Alisema mahakama imempa mkwe wake wajukuu wote, sasa anakwenda kuwakomboa.

Mzee Agapiti hakusalimia. Aliweka fimbo yake mbele ya tairi la lori.

"Shusha ng'ombe," alisema. "Halafu uniambie, hukumu ilisomwa lini?"